Kutoka Lafey hadi darasa la akili mnemba: masharti yapi yakazwe, yapi yalegezwe?

Kila mwaka ifikapo Agosti na Septemba vyuo vikuu vya Kenya hupokea wanafunzi wapya, na simu yangu haipoi. Wazazi wa Mvita, Malindi na Lamu huniuliza ada ni kiasi gani, hosteli ziko wapi, na kama kweli kijana akisoma mambo haya ya akili mnemba atapata kazi. Ni maswali ya haki. Lakini kuna swali moja ambalo ni nadra kuulizwa, nalo huamua nani atamaliza na nani atarudi nyumbani bila cheti: masharti ya somo lenyewe yanasemaje?

Nafundisha ujifunzaji wa mashine katika chuo kikuu kimoja hapa nchini. Wanafunzi hulifikia somo hili mwaka wa tatu au wa nne. Siku ya kwanza hugawiwa karatasi mbili tatu zinazoitwa muhtasari wa kozi. Humo mmeandikwa mwanafunzi anatakiwa ajue nini kabla ya kuingia, alama zinagawanywaje, kazi ikichelewa itakuwaje, nani anaruhusiwa kusaidiana naye, na kama ChatGPT itumike au isitumike. Wengi huikunja karatasi hiyo wakaitia mkobani, wasiitoe tena hadi siku ya matatizo.

Naomba karatasi hiyo isomwe na mwanafunzi, isomwe na mzazi, na isomwe upya na sisi tunaoiandika. Ndani yake mna masharti ya aina mbili yaliyochanganywa. Yako yanayolinda elimu, na hayo yakazwe kwa kila mtu. Yako pia yanayopima, bila ya mwandishi kukusudia, umbali wa mwanafunzi kutoka kwenye mnara wa simu. Hayo yanafaa kulegezwa. Ili nieleweke, nitamchukua mwanafunzi wa Lafey kuwa mfano.

Kwa nini Lafey

Lafey ni mji mdogo wa Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Somalia, na tangu uchaguzi wa 2013 ni eneo bunge lenye mbunge wake. Kutoka pande hizo hadi Nairobi ni safari ya karibu kilomita 1,000. Kwa miaka kadhaa sasa tumesikia habari za minara ya simu kulipuliwa na Al-Shabaab katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa, na Lafey ni miongoni mwa sehemu zilizokumbwa. Mnara ukianguka, mji mzima hukaa bila simu hadi mafundi wapate ulinzi wa kwenda kuutengeneza. Umeme wa Mandera nao umetegemea jenereta za dizeli zilizo nje ya gridi ya taifa. Sisi wa Pwani tunalijua jambo hilo, maana Lamu iliishi kwa jenereta miaka mingi kabla ya kufikiwa na nyaya za gridi.

Kubwa zaidi ni walimu. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilivamiwa, wakauawa abiria 28, na miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa na watu 148 wakapoteza maisha, wengi wao wanafunzi. Baada ya misiba hiyo walimu wengi waliotoka kaunti nyingine waliomba kuhamishwa. Shule zilizobaki na walimu wachache ziliumia hasa katika hisabati na sayansi, na hayo ndiyo masomo ambayo mashine zinazojifunza zimesimama juu yake.

Msomaji wa Kiunga, wa Basuba au wa Tana Delta ataona kwamba namsimulia mtoto wake. Shule za ndani ya msitu wa Boni nazo zimewahi kufungwa kwa sababu hiyo hiyo ya usalama. Kwa hiyo nikisema Lafey, kila mmoja aweke jina la kijiji chake.

Mashine hujifunza vipi

Kabla ya masharti, tufahamiane kuhusu somo lenyewe. Zamani mtu aliiandikia kompyuta kila hatua: likitokea hili, fanya lile. Katika ujifunzaji wa mashine tunaipa kompyuta mifano mingi yenye majibu, nayo inatafuta yenyewe hesabu itakayounganisha swali na jibu. Hesabu hiyo ikishapatikana tunaiita modeli.

Mfano unaofundishwa karibu dunia nzima ni MNIST, mkusanyiko wa picha 70,000 za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, kuanzia 0 hadi 9. Picha 60,000 ni za kufundishia. Picha 10,000 huwekwa kando, modeli isizione kabisa wakati wa mafunzo. Mafunzo yakiisha, modeli hupewa zile 10,000 na hapo ndipo tunajua kama imejifunza au imekariri. Modeli inaweza kupata karibu alama zote kwenye picha ilizozizoea kisha ikaanguka vibaya kwenye picha mpya, kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya mitihani ya miaka iliyopita bila kuelewa kilichoulizwa.

Watoto wetu wanalifahamu jambo hili tangu chuoni, au duksi kama wanavyosema Wasomali. Kuhifadhi kuna heshima yake na mahali pake. Lakini mwalimu akitaka kujua kama mtoto anasoma kweli, humfungulia ukurasa ambao hajaufikia, akamwambia: haya, soma. Zile picha 10,000 ni ukurasa huo.

Mshike wazo hili, maana masharti makali ya somo letu yanatokana nalo.

Sharti la hisabati

Muhtasari wa kozi huanza kwa kutaja yale ambayo mwanafunzi anatakiwa awe ameyasoma: aljebra ya vekta na matriki, kalkulasi, hesabu za uwezekano na takwimu, na kuandika programu, mara nyingi kwa lugha ya Python. Huwa ni mstari mmoja tu, lakini ndio unaoangusha wengi.

Sharti hili haliwezi kufutwa. Kuifundisha modeli ni kupima kosa lake, kisha kulipunguza hatua kwa hatua, na kujua uelekee upande gani ili kosa lipungue ni kazi ya kalkulasi. Asiyeijua ataweza kubonyeza vitufe na kupata jibu, ila jibu likiwa la upotofu hatajua.

Hata hivyo kulitaja sharti na kumwandaa mtu alitimize ni mambo mawili. Kijana aliyepata C+ ya kuingia chuo kikuu baada ya kukaa vidato viwili bila mwalimu wa hisabati hana upungufu wa akili. Ana mashimo katika sehemu fulani za somo, na mashimo huzibwa yakijulikana mapema. Ninachopendekeza, na ninachofanya darasani kwangu, ni jaribio fupi wiki ya kwanza lisilohesabiwa kwenye alama. Linamwonyesha kila mmoja wapi pamevuja, kisha kunakuwa na vipindi vya ziada wiki nne za mwanzo. Nimewaona vijana wa Kaskazini Mashariki wakiziba pengo la kalkulasi kwa muda huo, kwa sababu waliambiwa tatizo liko wapi badala ya kuambiwa kwamba hawafai.

Mzazi anaweza kusaidia kabla ya hapo. Miezi kati ya KCSE na kuingia chuo ni mirefu. Mtoto akiitumia kurudia hisabati ya kidato cha tatu na cha nne, na kujifunza Python kidogo hata kwa kompyuta ya kuazima, ataingia akiwa amesimama mahali pa imara.

Kazi iwe yako mwenyewe

Sharti la pili lahusu kusaidiana. Katika masomo haya tunaruhusu, na hata tunahimiza, wanafunzi wazungumze pamoja, wachore ubaoni, wabishane. Baada ya hapo kila mmoja aende akaandike programu yake peke yake, na ataje juu ya kazi majina ya aliozungumza nao. Kuchukua programu ya mwenzako ukabadilisha majina ya vigezo ni udanganyifu.

Kuna wanaodhani hilo haliwezi kugunduliwa. Tangu 1994 iko programu iitwayo MOSS, iliyotengenezwa na Alex Aiken, inayolinganisha kazi za darasa zima na kuonyesha zinazofanana kwa muundo. Kubadilisha majina hakuifichi kazi mbele yake. Mwanafunzi akikamatwa huweza kupewa sifuri, kurudia somo, hata kusimamishwa masomo.

Hapa napata upinzani, na ni wa kweli. Vijana wa Lafey, kama wa kwetu, wamelelewa katika kusaidiana. Mtu mmoja akiwa na laptopu, wanne wanaitumia. Mmoja akielewa, anawafanyia wengine, na kumnyima mwenzako huhesabiwa uchoyo. Mwanafunzi mmoja aliniambia waziwazi: mwalimu, mimi nyumbani nimefunzwa nisile peke yangu, na hapa naambiwa nikila na wenzangu nimeiba.

Nilimjibu kwa mfano wa zile picha 10,000. Ukiionyesha modeli picha za mtihani wakati wa mafunzo, itapata alama nzuri na wote tutadanganyika, hadi siku itakapopelekwa hospitalini ikasome picha za mapafu ya watu. Wewe ukipata alama kwa programu ya mwenzako, mimi nitadanganyika, na siku moja utakabidhiwa kazi ya kweli. Mwenzako umshirikishe chakula, laptopu, bando na maelezo. Jibu lenyewe alitafute mwenyewe, maana ndilo linalotupa habari zake. Sharti hili naliweka upande wa kukazwa, na sioni sababu ya kumlegezea yeyote, awe ametoka Lafey au Nyali.

ChatGPT je?

ChatGPT ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, na tangu wakati huo wahadhiri wengi wa somo letu huitaja kwenye muhtasari wa kozi. Wako wanaoipiga marufuku kabisa. Wako wanaoiruhusu kwa kila kitu. Wengi wako katikati: itumike kukueleza jambo usilolifahamu au kukutafutia kosa kwenye programu, na ueleze kwa maandishi uliitumia wapi. Isitumike kukuandikia kazi.

Nami niko katikati, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ile ile ya kukariri. Ya pili ni kwamba kuipiga marufuku kabisa humuumiza anayetoka mbali. Mtoto wa tajiri ana mwalimu wa ziada wa kumuuliza saa nne za usiku. Kijana aliyesoma bila mwalimu wa hisabati amepata, kwa mara ya kwanza, kitu cha kumuuliza swali la kijinga bila kuona haya. Sitaki kumnyang'anya. Nataka tu aje mbele yangu aieleze kazi yake kwa mdomo. Dakika kumi za kuulizwa uso kwa uso zinatosha kujua kama mtu anaifahamu programu aliyoileta.

Mwanafunzi asibahatishe jambo hili. Kama muhtasari haukusema, aulize wiki ya kwanza, na aombe jibu liandikwe. Sheria ya somo moja si ya lingine, na kusema "mwalimu wa somo lile aliruhusu" hakumwokoi mtu mbele ya kamati ya nidhamu.

Tarehe za mwisho na mahudhurio

Sasa tunafika kwenye masharti ya aina ya pili.

Katika vyuo vingi vya Kenya alama hugawanywa hivi: 30 kwa kazi na majaribio ya muhula, na 70 kwa mtihani wa mwisho. Alama ya kupita ni 40. Mwanafunzi aliyekosa zaidi ya theluthi moja ya vipindi huweza kuzuiwa kufanya mtihani. Kazi ikichelewa hukatwa alama, au haipokelewi.

Tarehe za mwisho ni lazima ziwepo. Bila hizo mimi sitasahihisha na mwanafunzi hatasoma. Lakini fikirieni kijana aliyekwenda nyumbani Lafey katikati ya muhula kwa maziko ya babake. Basi husubiri msafara wa polisi. Mtandao hakuna kwa siku tano. Kazi ilikuwa itumwe kwa intaneti Jumapili saa sita za usiku, naye ameimaliza, imo kwenye laptopu, ila hakuna njia ya kuituma. Sharti likimpa sifuri halikupima elimu yake. Limepima mnara.

Suluhisho la kawaida ni mwanafunzi kwenda kumwomba mhadhiri. Mhadhiri mwema atakubali, mwingine atakataa, na mwanafunzi mwenye haya, hasa msichana aliyetoka mbali, hataomba kabisa. Haki inakuwa ni bahati ya moyo wa mtu.

Ipo njia bora zaidi, na vyuo kadhaa vya Marekani vinavyofundisha somo hili vimeizoea: siku za akiba. Kila mwanafunzi anaingia muhula akiwa na idadi ya siku alizopewa, tuseme sita. Akichelewa siku mbili, zinakatwa mbili, bila maswali, bila barua ya chifu, bila kueleza nani amefariki. Zikiisha zimeisha. Mtu wa Nairobi aliyezidiwa na kazi anazitumia, na mtu wa Lafey aliyekatikiwa na mtandao anazitumia. Hakuna aliyependelewa na hakuna aliyepiga magoti. Kwa majanga makubwa zaidi, kama mashambulizi au mafuriko ya Tana, chuo kiwe na kifungu maalumu kilichoandikwa.

Nasisitiza kuandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na dini yetu imetufunza kuandikiana madeni hata baina ya ndugu. Huruma isiyoandikwa humfikia anayejua kuomba tu.

Kompyuta na bando

Muhtasari mwingine husema kwa mstari mmoja: mwanafunzi awe na laptopu na intaneti. Mstari huo una bei, na bei yake inategemea mhadhiri amechagua data gani.

Picha zote 70,000 za MNIST zikibanwa ni kama megabaiti 11 au 12, sawa na video fupi mbili tatu za WhatsApp. Hubebeka kwenye flashi na modeli yake hufundishika kwenye laptopu ya kawaida, bila intaneti. Mkusanyiko mwingine mashuhuri, ImageNet ya mashindano, una picha zaidi ya milioni moja na huzidi gigabaiti 100. Anayemwagiza mwanafunzi apakue huo kwa bando yake mwenyewe amemtoza ada ya pili.

Huduma kama Google Colab humwezesha mtu kutumia kompyuta yenye nguvu ya mbali bure, lakini hutaka mtandao wakati wote, na muunganisho ukikatika kazi huweza kupotea. Kwa hiyo mhadhiri anayeandika masharti ajiulize: kazi hii inaweza kufanywa bila mtandao? Data inaweza kugawiwa kwa flashi? Maabara ya chuo hufungwa saa ngapi, na mwanafunzi asiye na laptopu aende wapi jioni? Mambo haya hayapunguzi ugumu wa somo hata kidogo. Anayefahamu vizuri modeli ndogo ataifahamu kubwa akiipata.

Data za watu

Sharti la mwisho wanafunzi huliona ni la kujaza karatasi: mradi wowote unaotumia habari za watu uombewe idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ilianza kufanya kazi Novemba 2019. Kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake bila binadamu kuhusika.

Watu wa Kaskazini Mashariki wanajua uzito wa haki hiyo. Katika miaka ya ukame na njaa, Wakenya wengi wa Garissa na kaunti za jirani walijiandikisha katika kambi za wakimbizi za Dadaab ili wapate chakula au matibabu, wengine wakiwa watoto waliobebwa na mama zao. Walipofika umri wa miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho, alama za vidole zilisema wao ni wakimbizi, wakakataliwa. Maelfu walikwama hivyo kwa miaka. Na bila kitambulisho mtu hasajili laini ya simu, hafungui akaunti, wala haombi mkopo wa HELB. Mpwani aliyewahi kuambiwa alete cheti cha babu ili apate kitambulisho anaelewa ninachosema.

Darasani nawapa wanafunzi hesabu ya kubuni. Chukueni orodha ya watu 1,000 walioandikwa kuwa wakimbizi, na 50 kati yao ni raia walioandikwa kimakosa. Mashine inayosema "wote ni wakimbizi" iko sahihi kwa asilimia 95. Kwenye karatasi ni mashine nzuri. Kwa wale 50 haina faida yoyote, na wao ndio shida iliyokuwa itatuliwe. Ndiyo maana katika somo hili sipokei ripoti yenye asilimia moja ya jumla. Nataka mwanafunzi aonyeshe mashine imekosea kwa nani, mara ngapi, na aliyekosewa atafanya nini.

Mwaka mmoja kijana wa Lafey alikuwa wa kwanza kunyanyua mkono katika hesabu hiyo. Wenzake walihitaji maelezo. Yeye aliuliza: kama orodha yenyewe ndiyo iliyokosea, modeli itajifunza nini? Ni swali zito kuliko yote katika fani hii, kwani modeli hujifunza makosa ya orodha kwa bidii ile ile inayojifunzia ukweli. MNIST ilitokana na tarakimu zilizoandikwa na Wamarekani, ikiwemo wafanyakazi wa idara ya sensa na wanafunzi wa sekondari. Ukiipa modeli yake tarakimu za Kiarabu, kama wanavyoandika bado wazee wengine wa Lamu na wa Mandera, haitakwambia kwamba haizijui. Itakupa jibu la uongo kwa uhakika.

Ndiyo sababu nataka vijana hawa wamalize somo. Mifumo ya kusajili watu, kukopesha kwa simu na kutambua sauti inatengenezwa sasa hivi, na inahitaji watu waliowahi kuwa upande wa wale 50.

Wiki ya kwanza, uliza haya

Kwa mwanafunzi anayeingia, chukua karatasi ya muhtasari na utafute majibu ya maswali sita. Ni hisabati ipi inayohitajika, na kuna msaada gani kwa aliyepungukiwa? Mpaka wa kusaidiana uko wapi? Akili mnemba inaruhusiwa kwa nini na kwa namna gani? Kazi ikichelewa kwa sababu ya mtandao au usalama itakuwaje? Kazi zinaweza kufanywa bila laptopu na bando ya kwangu? Mradi wangu ukitumia data za watu, idhini nitaipata kwa nani? Jibu lisiloonekana liulize, na uliulize kwa maandishi.

Kwa mzazi, mpigie mtoto simu mwishoni mwa wiki hiyo umuulize kama amepata majibu hayo, kabla ya kumuuliza kuhusu chakula.

Kwa wahadhiri wenzangu, kuanzia Garissa hadi Mombasa na Kilifi, shikilieni hisabati, shikilieni kazi ya mtu mwenyewe, shikilieni uaminifu wa data. Kisha wekeni siku za akiba kwenye muhtasari wa muhula ujao, chagueni data inayobebeka kwa flashi, na andikeni mlango wa dharura. Hayo hayahitaji bajeti wala kikao cha seneti. Yanahitaji aya moja kwenye karatasi ambayo tayari tunaigawa.